JIRANI KATIKA MTAA WA WAGENI

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana baada ya Swala ya Tarawehe, Eastleigh, Nairobi)



Shukrani zote anastahiki Allah Subhanahu wa Taala aliyetufikisha katika mwezi huu tukiwa wazima. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Mashekhe wetu, wazee wangu, akina mama mlio upande wa pili wa pazia, na nyinyi vijana wenzangu: nimeombwa nizungumze juu ya maisha katika mtaa wetu huu wa watu mchanganyiko. Nimepewa dakika ishirini, na naona wengine wenu mnaanza kusinzia, kwa hivyo sitazunguka. Nina swali moja tu. Katika mtaa huu wa Eastleigh, nani mwenyeji na nani mgeni?

Nauliza kwa sababu maneno haya tunayasikia kila siku. Ukipanda matatu ya nambari 6 au 9 kutoka mjini, kabla hujafika Pangani utakuwa umeshamsikia mtu akisema, "Hawa watu wametujalia mtaa." Ukiingia dukani, mwingine anasema, "Hawa majirani zetu hawatupendi." Ukikaa kinyozi, wa tatu anakwambia zamani hapa palikuwa pazuri kabla "wao" hawajaja. Kila mtu ana "wao" wake. Basi tuangalie historia kidogo, tumtafute huyo mwenyeji wa kwanza.

Nairobi yenyewe ni mji wa wageni. Reli ilifika hapa mwaka 1899, ikakuta malisho ya Wamaasai na maji baridi, na jina la mji likatokana na maji hayo. Waliojenga mji ni watu waliotoka kwingine: Wahindi wa reli, wapagazi na askari kutoka pwani na bara, Wanubi waliotoka Sudan na jeshi la Mwingereza, Wasomali waliotoka pwani ya Ghuba ya Aden, na Wakikuyu, Wakamba, Wajaluo na Waluhya waliokuja kutafuta kazi. Serikali ya kikoloni iliwapanga watu kwa rangi zao. Mzungu akapewa mlimani penye hewa nzuri. Wengine wengi wakasukumwa upande wa mashariki, huku kwenye udongo mweusi. Ndiyo sababu hata leo mvua ikinyesha viatu vyetu havitamaniki.

Waafrika wa mwanzo waliishi katika vijiji walivyojijengea wenyewe. Vilikuwa na majina ya Kiswahili: Pangani, Mombasa, Maskini, Kaburini. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ikaanzisha Pumwani, hapa hapa jirani yetu, na watu wa vijiji hivyo wakaanza kuhamishiwa huko. Pangani ilidumu mpaka mwisho wa miaka ya 1930. Ikavunjwa, na wenye nyumba wakapelekwa Shauri Moyo. Watu wa Pumwani walijenga nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na paa la madebe yaliyonyooshwa. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja, vingine akapangisha. Na wengi katika wenye nyumba hao walikuwa wanawake, akina mama waliofika Nairobi peke yao bila mume wala shamba, wakaweka shilingi juu ya shilingi mpaka wakasimamisha nyumba.

Na Eastleigh? Mwaka 1921 makazi mawili, Nairobi East na Egerton Estate, yaliunganishwa yakapewa jina hili. Wahindi walinunua viwanja wakajenga. Wasomali wa Isaaq na Harti wakakaa hapa. Uwanja wa kwanza mkubwa wa ndege wa Nairobi ulikuwa hapa Eastleigh, mpaka ule wa Embakasi ulipofunguliwa mwaka 1958. Huu tunaoujua sasa kama kambi ya jeshi la anga ndio uliokuwa mlango wa wageni wa nchi nzima. Baada ya uhuru Wahindi wengi walihamia Parklands na kwingineko, na Wakikuyu wakanunua nyumba zao. Mwaka 1991 serikali ya Siad Barre ikaanguka kule Somalia, na waliokimbia vita wakaanza kumiminika. Wakaja pia Waoromo na Wahabeshi wengine kutoka Ethiopia. Wameru wakaja na miraa, Wakamba wakaja na mboga na useremala.

Sasa niambieni, katika hesabu hiyo mwenyeji ni nani? Ukisema Msomali ni mgeni, kuna Wasomali ambao babu zao walikuwa hapa kabla ya babu zetu wengi kuiona Nairobi. Ukisema Mkikuyu ni mgeni katika mtaa huu, basi umesahau kwamba nyumba nyingi ambazo wakimbizi wa 1991 walipata vyumba ndani yake zilikuwa za Wakikuyu. Hata Wasomali wenyewe wana daraja za ugeni. Waliokuja miaka ya tisini waliwabandika Wasomali wa Kenya jina la "Sijui", kwa sababu hilo ndilo neno la Kiswahili walilowasikia wakilisema kila mara. Yaani mtu amezaliwa Kenya, amesoma Kenya, polisi anamwita mkimbizi, na mkimbizi anamwita Sijui. (Kicheko.) Mnacheka, lakini yeye mwenyewe hacheki.

Kwa hivyo jibu langu ni hili: mtaa huu hauna mwenyeji wa kwanza. Tofauti yetu ni kwamba mmoja alishuka garini jana na mwingine babu yake alishuka juzi. Na ikiwa ni hivyo, basi unafuu wote tunaoupata hapa tumeupata kwa sababu mtu fulani alimfungulia mlango mgeni.

Hebu tuuangalie huo unafuu, maana mara nyingi twasema Eastleigh ni rahisi bila kujiuliza urahisi huo unatoka wapi. Watu wanadhani ni bidhaa tu. Sawa, bidhaa ni rahisi. Mapazia, suti, sare za shule, mabuibui, vyombo: watu wanatoka Kisumu, wanatoka Kampala na Arusha kuja kununua jumla hapa. Lakini biashara hii ilianzaje? Ilianza chumbani. Wazee wanaijua Garissa Lodge. Ilikuwa nyumba ya wageni ya kawaida, na wakimbizi walikodi vyumba. Usiku chumba ni cha kulala, mchana kitanda ndicho kaunta: nguo zinatandazwa juu yake na mteja anaingia anachagua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nyumba ile ikageuka kuwa soko. Wengine wakaiga, na leo tuna majumba ya biashara kama BBS Mall ambayo watu wanakuja kuyatembelea kama wanaotembelea mbuga ya wanyama.

Jambo hili linanikumbusha kisa tulichosomeshwa madrasa. Waislamu wa Makka walipohamia Madina bila kitu, Mtume (S.A.W.) aliwafunga udugu na wenyeji, Muhajirin na Ansar. Saad bin Rabii alitaka kumgawia Abdurrahman bin Auf nusu ya mali yake. Abdurrahman alimshukuru, akamwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko liko wapi. Huyo ndiye mhamiaji. Mara nyingi hahitaji nusu ya mali yako. Anahitaji umwonyeshe soko na usimfungie njia ya kulifikia.

Na kabla ya Madina, tusisahau Habasha. Wakimbizi wa kwanza wa Kiislamu walipokewa na mfalme Mkristo, Najashi, na Makuraishi walipotuma watu kuwadai, alikataa kuwatoa. Leo mama wa Kihabeshi anauza anjera pale chini kwenye kona, na kuna kijana Muislamu anapita akimdharau kwa sababu ana msalaba shingoni. Kijana huyo hajui kwamba dini yake ilipokuwa changa na dhaifu ilikingwa na watu wa nchi ya mama huyo.

Lakini narudi kwenye unafuu. Bei ya dukani ni nusu tu ya hesabu, nusu nyingine iko ndani ya ploti. Wengi wetu tumekulia katika zile ploti za zamani: vyumba vimezunguka uwanja mmoja, bomba moja, choo kimoja, kamba moja ya kuanikia nguo. Kodi ni nafuu kwa sababu tunagawana. Lakini kugawana huko hakuendi bila watu kuaminiana. Mama akienda sokoni Gikomba alfajiri, mtoto anabaki kwa jirani, hakuna anayelipwa. Mwenye duka ana daftari la madeni, anakuandikia unga na sukari mpaka mwisho wa mwezi bila kukuuliza kitambulisho. Fundi anakushonea sare unalipa nusu. Mama mboga anakukatia sukumawiki ya shilingi kumi na kukuongezea. Ukiondoa hayo yote, ukaanza kulipa kila kitu kwa pesa taslimu na kwa mtu usiyemjua, utaona kwamba Eastleigh si rahisi hata kidogo. Kinachotubeba ni majirani.

Na ndiyo maana siku ujirani ukivunjika, sisi watu wa kipato cha chini ndio tunaofilisika wa kwanza.

Umewahi kuvunjika? Naam, tena mara kadhaa, na nitazitaja tarehe kwa sababu vijana wengi hawazijui.

Tarehe 24 Aprili 1954, wakati wa vita vya Mau Mau, Waingereza waliuzingira mji huu wa Nairobi katika operesheni waliyoiita Anvil. Wakapita nyumba kwa nyumba. Kila Mwafrika alitolewa nje na kipande chake mkononi, Wakikuyu, Waembu na Wameru wakatengwa upande wao. Watu zaidi ya 20,000 walizuiliwa, wengi wakapelekwa kambi za Mackinnon Road na Manyani. Mgeni wa siku ile alikuwa Mkikuyu.

Novemba 1989 serikali, safari hii serikali yetu wenyewe, iliamuru Wasomali wa Kenya wachujwe. Mtu alisimama mbele ya kamati kueleza ukoo wake, na aliyepita alipewa kadi ya rangi ya waridi ya kuonyesha kwamba yeye ni Mkenya. Kitambulisho cha kawaida hakikumtosha. Mgeni wa siku ile alikuwa Msomali.

Jumapili tarehe 18 Novemba 2012, matatu ililipuliwa hapa hapa Eastleigh, watu wakafa. Kesho yake makundi ya vijana yaliingia mitaani, yakavunja maduka na nyumba za Wasomali. Mwezi uliofuata serikali ikaagiza wakimbizi wote wa mijini waende kambini, Dadaab na Kakuma. Mahakama Kuu ilibatilisha agizo hilo Julai 2013. Lakini Aprili 2014 ikaja operesheni ya Usalama Watch. Maelfu walikamatwa, na wengi wakafungiwa katika uwanja wa Kasarani, mahali ambapo watu huenda kutazama mpira.

Tazameni hizo tarehe: Aprili 1954 na Aprili 2014. Miaka sitini kamili. Mji ni ule ule, upande ni ule ule wa mashariki, na watu wanatolewa nyumbani kwa mtindo ule ule wa karatasi mkononi. Aliyebadilika ni mtu aliyesimama kwenye foleni. Mjukuu wa yule aliyetengwa mwaka 1954 huenda alisimama dirishani mwaka 2014 akamtazama jirani yake akitengwa, na pengine akasema, "Wacha wapelekwe." Hakujua kwamba anatazama picha ya babu yake.

Mimi ile Novemba ya 2012 nilikuwa mtoto mdogo, lakini usiku mmoja naukumbuka vizuri. Ploti yetu ilikuwa na geti ambalo kufuli lake lilikuwa limeharibika muda mrefu, kwa sababu kila mwezi wapangaji walibishana nani achange nini. Kelele zilipokaribia, akina mama walitoka. Alikuwapo mama mboga wetu, Mkamba, mama mmoja Mkikuyu wa chumba cha mwisho, mama yangu, na nyanya wa Kiborana ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu. Familia za Kisomali zilikuwa mbili, zikaingizwa vyumba vya ndani. Kwa kuwa kufuli hakuna, walilifunga geti kwa ile kamba ya kuanikia nguo, kisha wakakaa chini mbele yake kwenye vijiti na mitungi, wakaendelea kuchambua maharagwe. Vijana walipofika, mama mboga aliwaambia, "Hapa hakuna kabila. Hapa kuna watoto wamelala, na wewe mrefu nyuma pale, mama yako namjua." Yule mrefu akageuka, na wenzake wakamfuata.

Mimi simsifu mtu kwa ushujaa, na wenyewe hawakujiona mashujaa. Kesho yake walilalamika kwamba kamba imekatika na nguo zimelowa matope. Kisha wakachanga, kufuli likanunuliwa. Ninachotaka mkione ni kwamba ujirani ule haukuzaliwa usiku ule. Mama mboga alikuwa na deni katika daftari la mmoja wa wale Wasomali. Mtoto wa Msomali alikuwa amenyonyeshwa na mama wa Kikuyu siku mama yake alipolazwa hospitali. Nyanya wa Kiborana aliwakanda akina mama wote watano wa ploti walipojifungua. Kulikuwa na miaka ya mambo madogo madogo nyuma ya kamba ile. Ploti ambayo watu wake walikuwa hawasalimiani haikuwa na mtu wa kukaa mbele ya geti.

Sasa nije kwetu, maana si vizuri kuhesabu makosa ya serikali na ya vijana wa mitaani tukajiacha sisi tuliokaa kwenye mkeka msikitini.

Kwanza, ndimi zetu. Kuna maneno yanayotumiwa mtaani kumwita Msomali kwa dharau, mnayajua. Lakini pia kuna neno la Kisomali lenye maana ya mtumwa, ambalo baadhi yetu wanamwitia Mwafrika mwenye nywele ngumu, hata kama wameswali safu moja dakika tano zilizopita. Huyo aliyeitwa hivyo anaelewa. Amekaa hapa miaka ishirini, anajua Kisomali kuliko unavyodhani. Suratul Hujurat inatufundisha kwamba kufanywa mataifa na makabila ni kwa ajili ya kujuana, na kwamba ubora uko katika ucha Mungu. Na katika sura hiyo hiyo tumekatazwa kuitana majina mabaya. Hayo mambo mawili yamewekwa pamoja kwa sababu ni jambo moja.

Pili, vyumba vyetu. Siku hizi ukitafuta nyumba unaulizwa kabila kabla ya kuulizwa dipoziti. "Wewe ni wa wapi? Jina la baba?" Jina likiwa la upande fulani, chumba kimeshachukuliwa. Akija wa upande mwingine, chumba kinapatikana tena. Hili linafanywa na wenye nyumba wa kila kabila na kila dini, na sisi Waislamu tumo. Mtu anasema, "Nataka Muislamu tu, ploti ibaki safi." Ndugu yangu, kama nia yako ni mpangaji asiyeuza pombe, basi sema hivyo, iwe ni sharti kwa kila mtu. Usimfungie mama wa watu mlango kwa sababu anaitwa Wanjiru au Mutheu, ilhali unga wa mahamri ya futari yako umeununua kwake.

Wanazuoni wametufundisha kwamba majirani ni wa namna tatu. Kuna mwenye haki tatu: jirani aliye Muislamu na tena ni jamaa yako. Kuna mwenye haki mbili: jirani Muislamu asiye jamaa. Na kuna mwenye haki moja, asiye Muislamu wala jamaa. Sisi tunapenda kuhesabu kutoka juu. Mimi nawaomba tuhesabu kutoka chini. Huyo wa chini kabisa, ambaye huna damu naye wala huna dini moja naye, bado ana haki moja kamili juu yako, na utaulizwa.

Tatu, ukimya wetu juu ya kodi. Hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi kuliko yote, kwa sababu halina kelele wala moshi. Ploti za zamani zinavunjwa. Mahali pa vyumba ishirini na bomba moja panasimama jengo la ghorofa kumi lenye lifti. Sisemi majengo ni mabaya. Mtu ana haki ya kujenga katika ardhi yake, na sote tunapenda choo cha ndani. Lakini notisi ikija, familia za ploti zinatawanyika. Mmoja anakwenda Kayole, mwingine Githurai, mwingine anaingia Mathare kwenye mabati. Daftari la madeni linafungwa. Nyanya aliyekuwa akilea watoto wa watu bure anakuwa peke yake ghorofani kwa mwanawe, hajui hata jina la mlango unaomtazama. Na wanaoweza kulipa kodi mpya wanatoka tabaka moja, na mara nyingi kabila moja. Huko nyuma operesheni na fujo zilijaribu kuutenganisha mtaa huu zikashindwa. Kodi inaweza kufaulu, tena bila kurusha jiwe hata moja.

Basi tufanye nini? Sina uwezo wa kuwaambia mambo makubwa, mimi ni mwanafunzi na mfukoni mnajua. Nina matatu tu.

La kwanza: mjue jirani yako kwa jina lake kamili. Usitosheke na "yule Mhabeshi" au "yule wa juu". Jina, na mtu wa kumpigia simu akiugua. Siku ya fitina, anayesimama getini ni yule anayejua ndani amelala nani.

La pili: sisi tuliosoma tuwasindikize wenzetu kwenye mambo ya karatasi. Februari 2025 Rais alitangaza kule Wajir kuondolewa kwa ule mchujo wa ziada waliokuwa wakifanyiwa vijana wa jamii za mipakani kabla ya kupata kitambulisho. Hilo ni jambo la kheri. Lakini tangazo ni tangazo, na foleni ni foleni. Kuna kijana wa miaka kumi na minane anayeogopa hata kuingia ofisini kwa sababu amekua akisikia visa vya Kasarani. Nenda naye. Msaidie kujaza fomu. Kaa naye mpaka jina lake liitwe. Na kama jirani huyo si Muislamu, na ana shida yake ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto, nenda naye vile vile.

La tatu linawahusu wale ambao wazazi wao wana nyumba, na najua humu ndani mmo. Zungumzeni na wazee wenu kwa adabu. Waambieni wanapojenga upya wawape wapangaji wa zamani nafasi ya kwanza, na wabakishe vyumba vichache vya kodi ndogo chini, kwa mjane, kwa fundi, kwa mwanafunzi. Mzee atasema benki inamdai, na anasema kweli. Mwambie nyanya yake, au wa jirani yake, alianza Pumwani na chumba kimoja cha udongo, akapangisha vingine kwa wageni asiowajua, na ndipo ukoo ukapata pa kusimama. Hakuna mwenye nyumba katika mtaa huu ambaye ukoo wake haukuanza kama mpangaji wa mtu.

Na katika kumi hili lililobaki, kila ploti ipike futari siku moja kwa ajili ya wote wanaoishi humo, wafungao na wasiofunga. Si kwa da'awa, si kwa kupiga picha. Sufuria moja, uwanja mmoja, watu wale ambao kila siku wanagombania bomba. Wasiofunga watakaa wasubiri adhana pamoja nasi. Nimeona wakifanya hivyo, tena wengine wanaangalia saa kuliko sisi.

Namwomba Allah atupe macho ya kuona haki za majirani zetu kabla hatujaziulizwa, ayape wepesi mazito ya wapangaji, alainishe nyoyo za wenye nyumba, na awarudishe salama waliotawanyika. Makosa katika niliyosema ni yangu, na kheri yoyote inatoka Kwake.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.